Pini ya Pangaboi la Bigwa

Wiki iliyopita nilirudisha funguo za karakana, na wenzangu mnaobaki mmeniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyoanza huku kwetu. Nitajaribu. Vyeo siviandiki, maana kila aliyepanda cheo mlimwona akipanda na sababu zake mnazijua. Nitaandika habari za dari, ngazi, na pangaboi moja. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa shaka. Mmenicheka miaka yote kwa kugonga boriti moja mara tatu na kuijaribu kila nati iliyokwisha kukazwa na mtu mwingine. Chekeni tu. Shaka ndiyo iliyonilisha, na ndiyo iliyonitia aibu ambayo sijapata kumweleza mtu hadi leo.

Useremala nilijifunza kwa mapadre wa Matombo, enzi za Wadachi. Tulitengeneza mabenchi ya kanisa, milango na majeneza, na katika hivyo vitatu ni jeneza tu ambalo halikurudishwa kwa malalamiko. Niliposhuka mjini Morogoro reli ilikuwa imekwisha kufika, na mji ulijaa wageni waliotaka nyumba upesi upesi. Niliziangalia dari za nyumba hizo nikaona kwamba kazi nitaipata, kama hazitaniangukia kwanza.

Aliyenipokea ni Fundi Sefu, mtu wa Bagamoyo, mfupi, mwenye kofia ambayo haikupata kuguswa na vumbi la mbao sijui kwa namna gani. Kazi yake kubwa ilikuwa kutundika mapangaboi. Pangaboi la siku hizo halikuwa hili mnalolijua. Lilikuwa ubao mrefu ulioshonewa kitambaa kizito, unaning'inia darini, na kamba yake inapita kwenye tundu la ukuta hadi barazani. Huko barazani alikaa mtu mzima kutwa nzima akiivuta kamba ili Mzungu aliye ndani apate upepo. Siku yangu ya kwanza Fundi Sefu hakunipa chombo chochote zaidi ya nyundo. Alinipandisha ngazi, akaniambia nigonge boriti, halafu nimweleze nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia boriti. Alinishusha pale pale.

Alipanda mwenyewe. Akagonga, akatega sikio, akatoboa kidogo kwa keekee, akaupokea unga wa mti kiganjani na kuunusa. Unga ukiwa mkavu na una harufu ya mti, endelea. Ukiwa na harufu ya udongo, mchwa wamo. Alisema boriti ihesabu kuwa ni mnafiki mpaka yenyewe ikuoneshe vingine. Na chochote kitakachoning'inia juu ya kichwa cha binadamu, kwanza tundika viroba vya mchanga vyenye uzito wake mara tatu, viache kutwa na kucha, kisha ukague boriti huku na huku, mpaka kwenye ncha zinazoingia ukutani. Nilimfuata miaka minne, na hakuna pangaboi letu lililoanguka. Macho yake yalipoanza ukungu alirudi kwao Bagamoyo, akaniachia keekee yake. Mpini wake mnaujua, ndio ule uliofungwa waya.

Haukupita muda nikaitwa Bigwa. Kule kulikuwa na Mdachi mwenye shamba la mkonge ambaye watu walimwita Bwana Haraka, na sina la kuongeza juu ya jina hilo. Alikuwa ameweka mtambo mtoni, maji yanayoshuka mlimani yanauzungusha, nao unatoa umeme wa kuwasha taa chache nyumbani kwake. Fundi wa Kizungu aliyeufunga alishikwa na homa, akarudishwa Dar es Salaam. Sasa Bwana alikuwa ameletewa kwa treni sanduku kubwa la mbao, na ndani yake mlikuwa na pangaboi la umeme lenye taa. Alitaka lifungwe chumbani, juu ya kitanda, na liwe linazunguka kabla ya Ijumaa jioni. Mkewe alikuwa anafika siku hiyo kutoka Ulaya, na Bwana alikuwa amemwandikia kwamba Morogoro si joto kama watu wasemavyo.

Tulilifungua sanduku siku ya Jumatano. Moyo wa lile pangaboi ulikuwa chuma kitupu, mkubwa kama sufuria ya harusi, na ilitupasa watu watatu kuutoa kwenye majani makavu. Kulikuwa na mapanga manne ya mbao iliyopigwa vanishi, fimbo ya chuma ya kuliteremsha kutoka darini, na kikombe cha kioo cha kukaa chini ya moyo, chenye globu ndani. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kidachi, kwa hiyo nilifuata picha. Picha moja ilirudiwa mara mbili na kuzungushiwa wino mwekundu: pini ya chuma, urefu wa kidole, inayopita kwenye tundu la fimbo na kuizuia isijifungue. Kitu kinachozunguka kutwa hujifungua chenyewe taratibu, na pini ile ndiyo inayokataza. Ilikuwa moja tu. Niliitia katika mfuko wa shati, na kila baada ya muda nikawa naipapasa.

Sasa nimlete Maganga. Maganga alikuwa Mnyamwezi, umri wa kaka yangu mkubwa, aliyefika huku na misafara ya mizigo akaona migomba yetu, akakaa. Ndiye aliyekuwa akivuta kamba ya lile pangaboi la kitambaa, tangu nyumba ile ijengwe. Mahali pake palikuwa barazani nyuma ya chumba, kwenye kigoda, mgongo ukutani. Mimi Mluguru na yeye Mnyamwezi ni watani, na nyote mnajua maana yake. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako nawe utacheka. Atachukua kitu chako mchana kweupe, na hutakidai ila utakikomboa kwa jogoo au kwa pombe. Ukifiwa, atakuja kukutania kaburini ili usife nawe kwa huzuni. Toka nifike Bigwa, Maganga aliniita mla magimbi kila asubuhi, nami nikamwita punda wa safari. Shikamoo hazikuwepo baina yetu, maana mtani hasalimiwi kwa heshima.

Lakini siku zile mbili sikuwa na moyo wa utani. Kazi ilikuwa mpya, sijapata kuifanya, na nilijua hilo pangaboi likishazunguka, kamba ya Maganga haina kazi tena. Naye alilijua. Niliona anaingia na kutoka chumbani bila kuitwa. Nilipopanda ngazi, yuko chini ananiangalia. Nilipoigonga ile boriti ya katikati, akauliza kama nimeamua ni hapo hapo. Nikamjibu ni hapo. Akasema, "Mluguru, ukilitundika hapo litashuka na wewe utapanda. Nitakuja kucheza ngoma msibani kwako."

Siku nyingine ningecheka. Siku ile maneno yalinikaa vibaya. Nilijiambia mtu anayekaribia kupoteza kazi hasemi hivyo bure. Nikaanza kuvihesabu vyombo vyangu kila aliposogea.

Boriti yenyewe niliigonga katikati, nikaitoboa, nikaunusa unga. Ulikuwa mkavu, una harufu ya mti. Nikaomba viroba vya mchanga. Bwana Haraka alitazama kitanda chenye shuka mpya, akatazama dari, akasema hataki mchanga katika chumba cha bibi. Ningeweza kusimama na kanuni ya Fundi Sefu. Sikusimama. Ncha za boriti nazo sikuzikagua, kwa kuwa upande mmoja ulikuwa na kabati zito na upande wa pili ungenipasa kwenda barazani, alikokaa Maganga, na sikutaka maneno yake.

Alhamisi asubuhi nilipitisha bolti ya kulabu katika boriti, nikakaza nati na waasha zake, tukalivuta pangaboi juu kwa kamba. Joto lilikuwa kali, nikavua shati nikalitundika kwenye kitasa cha dirisha. Niliposhuka kuchukua pini, mfuko ulikuwa mtupu.

Nilitafuta sakafuni, chini ya kitanda, katika majani ya sanduku. Kisha nikatoka barazani. Maganga alikuwa kwenye kigoda chake, ameitia pini kwenye uzi wa katani na kuivaa shingoni kama hirizi, kifua wazi, mtu yeyote anaona. Alikuwa ameketi wima kama jumbe.

"Lete jogoo, Mluguru," alisema. "Na uje uketi hapa nilipo, tuzungumze. Hujapata kuketi hapa."

Nataka mlielewe hili vizuri, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Nilijua ni utani. Mwizi haivai mali ya wizi shingoni. Kila Mluguru aliyelelewa na mama yake analijua hilo. Lakini moyo wangu ulishaanza kumhesabia makosa, ukaniambia kwamba huu utani ni pazia tu, nyuma yake kuna mtu anayetaka pangaboi langu lianguke ili kamba yake irudi. Nikapaza sauti nikimtaka anipe kitu cha Bwana. Bwana Haraka alikuwa ofisini, akasikia, akatoka.

Aliiona pini. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kilichokatikakatika, "Huyu mwizi?"

Neno moja lingetosha. Ningesema ni mtani wangu, tunacheza, na Bwana angekasirika kidogo akarudi ofisini. Maganga alinitazama bila wasiwasi wowote, maana alijua nitasema nini. Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Alipokamatwa mkono na msimamizi wa shamba hakubishana. Alianza kuniambia, "Fundi, hiyo boriti..." Nikamkatiza nikamwambia aeleze mbele ya serikali. Nilidhani anatafuta pa kutokea. Ndipo baadaye nilipokumbuka kwamba ilikuwa mara ya kwanza kuniita Fundi. Wakampeleka bomani mjini, na jioni ile ile tukapata habari kwamba atapigwa viboko Jumamosi asubuhi. Siku hizo haikuwa lazima kuuliza vingapi. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, ilijulikana hata na watoto wachanga.

Mimi nilipewa pini yangu. Nikaitia mahali pake nikaikunja ncha, nikafunga mapanga, nikaunga nyaya kama picha zilivyoonesha. Mtoni wakafungulia maji. Pangaboi likazunguka, taa ikawaka, na Bwana Haraka akasimama chini yake amefumba macho, nywele zake chache zikipepea. Aliniambia ni kazi nzuri. Sikuona raha niliyoitazamia.

Ijumaa asubuhi niliagizwa kuondoa mabaki ya kamba ya zamani na kuziba tundu la ukutani. Kwa kazi hiyo ilinibidi kwenda barazani, na kwa kuwa tundu lilikuwa chini kidogo, nikaketi kwenye kigoda cha Maganga. Nilipoinua macho nikaona kile alichokuwa akikitazama miaka yote. Juu kabisa ya ukuta, pale ncha ya boriti ya katikati inapotokeza chini ya bati, kulikuwa na njia za udongo za mchwa. Za zamani zilikuwa zimekwanguliwa, alama za ufagio zinaonekana mpaka leo machoni mwangu. Kila masika bati lilivuja pale, mchwa wakapanda, na Maganga akawafagia. Nilipanda ngazi nikaisukuma patasi kwenye ile ncha kwa kiganja tu, bila nyundo. Ilizama hadi kwenye mpini.

Nilishuka nikakaa chini. Kule ndani kile chuma kilikuwa kinazunguka juu ya kitanda cha mwanamke ambaye wakati huo yumo ndani ya treni. Maganga alikuwa amenionya kwa lugha ya mtani, na nilipokataa kusikia, akachukua pini ili nije niketi pale alipo, nione. Alishika desturi yetu sawasawa. Mimi ndiye niliyeivunja, tena kwa mdomo wa Mdachi.

Niliogopa sana kwenda ofisini, sitaficha. Fundi aliyetundika kifo juu ya kitanda cha Bwana, kisha akamsingizia mtu wizi, alikuwa na haki kamili ya kupata viboko vyake mwenyewe. Nilikwenda. Nilimwonesha patasi ilivyosimama katika boriti, nikamweleza kwamba Maganga alijua, kwamba pini ilikuwa mchezo wa desturi, na kwamba mimi ndiye niliyesema uongo. Bwana Haraka alitikisa patasi, akageuka mweupe zaidi ya alivyokuwa. Akaamuru niliteremshe pangaboi na kulihamishia boriti nyingine kabla ya treni. Nikamwuliza habari za Maganga. Akasema kesho. Nikauliza tena, akanitazama, nikachukua ngazi.

Kutwa ile nilifanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya Jumatano. Boriti ya pili niliitoboa mahali sita. Safari hii mchanga uliingia chumbani bila ruhusa ya mtu, kwa saa chache zilizokuwepo, nami nikasimama chini yake mwenyewe. Bibi alipofika jioni, upepo ulikuwepo na taa ilikuwepo, na nasikia alisema chumba ni kizuri.

Jumamosi alfajiri Bwana alinipa barua ya kupeleka bomani. Ilikuwa ya Kidachi, imebandikwa lakiri. Njia nzima kutoka Bigwa niliigeuzageuza nikijiuliza nimebeba nini. Nilikuwa na hakika kwamba imeandikwa jina langu, kwamba mwachieni yule mumlaze chini ya viboko huyu aliyeileta. Mara mbili nilisimama kwenye mfereji nikaifikiria ile karatasi ikielea. Muda niliosimama pale kwenye mfereji naujua, kwa sababu baadaye nilijua ulikuwa na thamani gani.

Nilipofika uwanjani askari alikuwa anahesabu kwa sauti. Nilisikia tisa. Nilimkimbilia karani, karani akamtafuta Mzungu, Mzungu akavunja lakiri polepole kama mtu anayefungua zawadi. Hesabu ikasimama kwenye kumi na tano. Barua ilisema Maganga aachiliwe kwa kuwa palitokea makosa. Jina langu halikuwemo. Hakuna aliyenigusa, na nilitamani mno mtu anipige.

Maganga aliinuka mwenyewe. Alijifunga nguo yake, akatikisa vumbi, akaja mpaka niliposimama. Nilimwambia nimeyaona ya boriti, nilimwambia nimekosa, maneno mengi hata siyakumbuki. Nikangoja aniite mla magimbi. Ningetoa kila kitu nilichokuwa nacho ili aniite hivyo.

Alisema, "Shikamoo, Fundi."

Akapita.

Hakurudi Bigwa. Alipata kishamba kandokando ya mji akalima mboga. Nilimpelekea jogoo, akampokea kwa mikono miwili na kunishukuru kama mtu anavyomshukuru mgeni. Mwaka uliofuata nikampelekea mwingine, na mwingine. Nilijaribu kumtukana, nikamwita punda wa safari mbele ya mkewe. Aliinamisha kichwa akasema, "Ni kweli, Fundi, tulibeba mizigo mingi."

Mengine ya kazi yangu mnayajua au mtayakuta kwenye daftari la karakana. Viroba vya mchanga viko nyuma ya mlango, na msimruhusu mtu yeyote awaambie kwamba shuka ni mpya. Kabla ya kupanda ngazi, mwulizeni anayekaa chini ya hiyo dari kila siku, na mumsikilize hata kama anasema kwa mzaha.

Mama yangu alifariki Matombo, Wadachi wakiwa bado wapo. Watani walikuja kama ilivyo ada. Mmoja aliingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe pombe, mwingine alivaa kanga ya marehemu akamwigiza anavyonigombeza, na watu walicheka huku wanalia. Nilimwona Maganga akipandisha kilima, na mwendo ule ni wa siku mbili kwa miguu. Nilijua leo atanitukana, leo atanivua viatu au aninyang'anye kofia mbele ya ukoo mzima, na yote yatakuwa yamekwisha.

Alikuja akaketi mkekani pamoja na wageni waliotoka mbali. Alinipa pole kwa sauti ya chini, akaniuliza mama aliugua siku ngapi. Akanywa maji, akaniaga.